Mwanachuo na Uchovu wa Masomo

Katika vyuo vikuu vya Afrika ya Mashariki, kutoka Mlimani mpaka Makerere na kutoka Muhimbili mpaka Nairobi, upo uchovu ambao usingizi wa usiku mmoja hauuondoi wala likizo ndefu haiutibu, na ambao mtu wa nje akiutazama kwa haraka huuita uvivu. Mwanachuo aliyekuwa hakosi mhadhara wa asubuhi, aliyekuwa akigombea kiti cha mbele na kumfuata mhadhiri mlangoni kwa maswali, akifika mwaka wa tatu huonekana maktabani amekaa mbele ya kitabu kilichofunuliwa ukurasa uleule tangu alasiri; macho yanasoma, nafsi haisomi. Akiulizwa anaumwa nini hujibu kwamba haumwi, na akiulizwa kama ana dhiki ya ada hujibu kwamba ada imekwisha kulipwa, na majibu yote mawili ni ya kweli, ndiyo maana aliyemwuliza huondoka akitikisa kichwa.

Makusudi ya makala haya ni kuchungua mambo ya nafsini yanayouzaa uchovu huo na kuulea. Rai yangu, ambayo nitaijengea hoja kadiri niwezavyo, ni kwamba wingi wa kazi peke yake haumfikishi mwanachuo katika hali hiyo, maana wako wanaofanya kazi mara mbili ya ile wakabaki na bashasha yao. Kinachomkausha ni kazi inayofanywa chini ya macho ya watu asioweza kuwaambia ukweli, kwa ajili ya kulipa deni ambalo hakuna aliyepata kulitaja kiwango chake.

Wataalamu wa elimu ya nafsi walipoanza kuandika juu ya jambo hili hawakuwa wakiwafikiria wanafunzi. Herbert Freudenberger, aliyezaliwa Ujerumani akakimbilia Marekani utotoni kwa sababu ya udhalimu wa Wanazi, alichapisha mwaka 1974 makala juu ya watu waliojitolea kuwahudumia maskini na watumiaji wa dawa za kulevya katika zahanati ya bure mjini New York, ambamo naye alikuwa akifanya kazi usiku baada ya kumaliza kazi yake ya mchana. Akaeleza jinsi watu walioanza kwa moyo mkunjufu walivyobadilika baada ya muda si mrefu wakawa wakali, wakaidi, na wepesi wa kukata tamaa. Jambo la maana katika maneno yake, na ambalo husahauliwa upesi, ni kwamba waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliojitoa zaidi, wala si wale walioipenda kazi kwa nusu moyo. Baadaye Christina Maslach wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na Susan Jackson, wakatoa mwaka 1981 kipimo kilichoigawa hali hiyo katika sehemu tatu. Na mwaka 2002 Wilmar Schaufeli wa Utrecht na wenziwe wakakirekebisha kipimo hicho kiwafae wanavyuo, wakakitumia kwa wanafunzi wa Hispania, Ureno na Uholanzi. Tangu hapo uchovu wa masomo ukapata nafasi yake katika taaluma.

Si wote wanaokubali kwamba nafasi hiyo ni halali. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, liliueleza uchovu wa namna hii kuwa ni hali itokanayo na kazi, si ugonjwa, tena likautia mpaka kwamba usisemwe nje ya mambo ya ajira. Kwa mpaka huo mwanachuo hana haki ya kuchoka kwa kuwa hana mwajiri. Mimi naona mpaka huo umechorwa na watu waliosahau ujana wao. Mwanachuo ana kazi ya kukabidhi kwa siku maalumu, ana wakubwa wanaoipima, ana daraja linaloandikwa na litakalomfuata maisha yake yote. Alichokosa ni yale mambo mawili yanayomtuliza mfanyakazi, yaani mshahara mwisho wa mwezi na uwezo wa kuacha kazi akaenda kutafuta nyingine bila ya ukoo mzima kuitwa kikaoni.

Zile sehemu tatu ni hizi. Ya kwanza ni kuishiwa nguvu, ambako mtu huamka amechoka kuliko alivyolala. Ya pili ni kukinai, ambako masomo yaleyale aliyoyalilia sasa anayaona hayana maana, akayatazama kwa dharau au kwa mzaha. Ya tatu ni kujiona hafai, ambako hata alichokifanya vizuri hukihesabu kuwa ni bahati au ni huruma ya msahihishaji. Ya kwanza huonekana na kila mtu, na ya tatu hufichwa na mwenyewe. Lakini hiyo ya pili hudanganya, kwa sababu kwa nje hufanana na ujanja wa mjini. Mwanachuo aliyekinai ndiye mcheshi wa bweni, ndiye ajuaye madesa yako wapi, yaani yale maelezo na majibu ya miaka iliyopita yanayorithishwa kutoka kundi hata kundi, na ndiye atakayekwambia kwamba kusoma kitabu kizima ni kazi ya wasiojua chuo kinavyokwenda. Dhihaka hiyo ni ngao. Anayekidharau kitu kabla hakijamshinda amejihifadhi na fedheha ya kushindwa, na ngao hiyo humsaidia kweli kwa muda, mpaka siku atakapogundua kwamba ameibeba muda mrefu hata mkono wenyewe umekufa ganzi.

Ni kosa kudhani kwamba sehemu ya kwanza ndiyo iharibuyo masomo zaidi. Daniel Madigan na Thomas Curran, walipozikusanya mwaka 2021 tafiti zilizowahusu wanafunzi zaidi ya 100,000 kwa jumla, waliona kwamba iliyofungamana zaidi na kushuka kwa alama si kuishiwa nguvu bali kujiona hafai. Natija hiyo ingetosha kuwafanya wazazi na wahadhiri wapunguze kidogo ile nasaha yao ya siku zote kwamba kijana alale mapema na ale vizuri. Si kwamba nasaha hiyo ni mbaya, ila inaelekezwa kwenye mwili ilhali jeraha liko kwingine.

Kwa nini basi wanafunzi wawili wa chumba kimoja, waliopewa kazi moja na siku moja ya kuikabidhi, mmoja achoke na mwingine asichoke? Richard Lazarus na Susan Folkman, katika kitabu chao cha mwaka 1984, walijibu kwamba taabu haimo katika tukio lenyewe bali katika maswali mawili ambayo nafsi hujiuliza mbele ya tukio, mara nyingi bila ya mwenyewe kusikia: jambo hili linahatarisha nini changu, na nina uwezo gani wa kulikabili. Kwa mmoja jaribio la takwimu linahatarisha alama tano. Kwa mwenziwe jaribio hilohilo linahatarisha mkopo, ahadi aliyompa mama yake, na ile picha ya yeye mwenyewe aliyokuwa akiishi nayo tangu darasa la saba. Mwanafunzi wa udaktari pale Muhimbili husoma kwa miaka mitano kabla ya mwaka wa mafunzo hospitalini, na mzigo wake ni mzito kwa kila mizani. Hata hivyo wengi huubeba, kwa kuwa majibu yao ya swali la pili hayajavunjika.

Swali hilo la pili ndilo alilolishughulikia Albert Bandura aliposema mwaka 1977 kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake hujengwa zaidi na mambo aliyokwisha kuyafanya akafaulu, kisha na kuwaona watu wa hali yake wakifaulu, kisha na maneno ya wanaomtia moyo, na mwisho na namna anavyousoma mwili wake mwenyewe, kama moyo unaokwenda mbio ni ari au ni hofu. Tukizitazama nguzo hizo nne tutaona jinsi mwaka wa kwanza wa chuo unavyozitikisa zote kwa pamoja. Kijana aliyekuwa wa kwanza katika shule yake ya sekondari anaingia katika ukumbi ambamo kila aliyeketi alikuwa wa kwanza mahali fulani, na kwa kuwa haiwezekani wote waendelee kuwa wa kwanza, wengi wao watapata kwa mara ya kwanza maishani mwao alama ya kawaida, nao hawana mazoea yoyote ya kuwa watu wa kawaida. Aliyezoea kushindwa mara mojamoja ana dawa yake, huyu hana.

Kwa Tanzania lipo na jambo la lugha, ambalo vitabu vya Ulaya haviwezi kutufundisha. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali amefundishwa miaka saba kwa Kiswahili, akahamishiwa Kiingereza sekondari, na anapofika chuoni fikira zake ni pana kuliko maneno aliyonayo ya kuzitoa. Katika semina hunyamaza. Wengine hudhani kimya chake ni ujinga, naye, kwa kuwasikia wale wachache waliosoma shule za ada kubwa wakisema kwa wepesi, polepole huanza kudhani hivyohivyo. Pauline Clance na Suzanne Imes, walioandika mwaka 1978 juu ya wanawake wasomi wa Marekani walioamini kwamba wamefika walipofika kwa kuwadanganya watu na kwamba siku moja watafichuliwa, hawakuwa na habari ya semina za Dar es Salaam. Lakini ile hofu ya kufichuliwa waliyoieleza hukaa humo raha mustarehe, na kazi ya kuificha kila siku humla mtu nguvu ambazo zingemtosha kusoma vitabu viwili. Ajabu ni kwamba mnyamavu huyohuyo, ukimkuta jioni kijiweni akijadiliana na wenziwe jambo lilelile kwa Kiswahili, utamsikia akiligawa na kulipanga kwa ustadi ambao mhadhiri wake hajapata kuushuku.

Sasa nafika mahali ambapo, kwa maoni yangu, ndipo penye kitovu cha mambo. Paul Hewitt na Gordon Flett walionyesha mwaka 1991 kwamba tabia ya kutaka ukamilifu usio na dosari haina sura moja: kuna anayejidai mwenyewe ukamilifu, kuna anayewadai wengine, na kuna yule anayeamini kwamba wengine wanamdai yeye, na kwamba mapenzi yao kwake yana sharti. Huyu wa tatu ndiye mwenye balaa. Anayejidai mwenyewe anaweza, akipenda, kujisamehe. Lakini anayedhani anadaiwa na watu hana ufunguo wa kifungo chake. Thomas Curran na Andrew Hill, waliolinganisha wanafunzi zaidi ya 40,000 wa Marekani, Kanada na Uingereza kuanzia mwaka 1989 hata 2016, waliona kwamba namna hii ya tatu ndiyo iliyoongezeka zaidi miongoni mwa vijana wa huko. Vijana wetu hawamo katika hesabu hiyo, na naona hata wangalikuwamo, maswali yaleyale yasingalitosha kuwaeleza. Mwanachuo wa London anapohisi kwamba watu wanamtarajia makubwa, hao watu aghalabu ni umati usio na majina. Wetu ana majina yao. Ni shangazi aliyetoa fedha za upatu wake wote kwa ajili ya nauli na godoro. Ni kaka aliyeacha shule kidato cha pili ili mmoja asome. Ni mjomba aliyetangaza msikitini au kanisani kwamba mwanetu ameingia chuo kikuu, na tangu siku ile watoto wa mtaa wakaanza kuambiwa wawe kama yeye.

Mwalimu Nyerere, katika miaka ya mwanzo ya uhuru, alipata kumfananisha aliyebahatika kupata elimu ya juu na mtu aliyepewa chakula chote kilichosalia katika kijiji chenye njaa, apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenziwe posho; akila asirudi na kitu, huyo ni msaliti. Mfano huo ulikuwa wa haki kwa nchi iliyokuwa na wasomi wa kuhesabika, ambayo chuo chake kikuu kilifunguliwa mwaka 1961 kwa wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la chama, kabla ya kuhamia Mlimani mwaka 1964. Nao uliwaelekea watu waliokuwa karibu kujisahau. Ninachotaka kukitazama hapa ni mfano huo ukiingia nafsini mwa kijana wa miaka ishirini ambaye kijiji chake si taifa bali ni nyumba ya vyumba viwili. Mjumbe huyo hali tonge kwa raha, maana kila tonge limepungua kwa mwingine. Hapumziki njiani, maana kupumzika ni wizi wa muda wa wenye njaa. Na mfano, kwa ukamilifu wake wote, unawajua wajumbe wawili tu, mwaminifu na msaliti. Haumjui wa tatu, aliyezimia njiani kwa safari. Kijana aliyechoka anapojitafuta katika mfano huo hapati mahali pake isipokuwa pale pa msaliti, naye hupachukua.

Yafaa tulitenge deni hili na lile la serikali, kwa kuwa watu huyachanganya. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, humdai mhitimu fedha zinazojulikana, na tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016 mwajiri humkata mkopaji asilimia 15 ya mshahara mahali pa asilimia 8 za zamani. Hilo ni deni zito, na limenung'unikiwa sana. Lakini lina tarakimu, lina karatasi, na lina siku ya kumalizika, na ndiyo maana wanafunzi wanaweza kulifanyia utani, wakaziita fedha zao za kujikimu bumu na kuzisherehekea zinapotoka. Wako wanaoikata bumu hiyo nusu wakaituma nyumbani kwa simu siku ileile, kisha wakaishi kwa mlo mmoja mpaka nyingine ije. Deni la shangazi halina tarakimu. Haliwezi kulipwa likaisha, kwa kuwa lilikuwa upendo kabla halijawa deni, na shangazi mwenyewe akiulizwa atakataa kabisa kwamba anadai chochote. Hapo ndipo ugumu ulipo: mkopeshaji hadai, na mdaiwa hawezi kuacha kulipa.

Edward Deci na Richard Ryan, ambao kitabu chao cha mwaka 1985 kimekuwa msingi wa mengi yaliyoandikwa baadaye, husema kwamba nafsi hudumu katika kazi ikiwa inapata mambo matatu: kuiona kazi kuwa ni yake kwa hiari, kujiona inaiweza, na kujiona iko pamoja na watu. La pili tumekwisha kulitazama. La kwanza huharibiwa mapema, siku ya kujaza fomu za kuomba chuo, ambapo kijana aliyependa historia huandikwa ualimu wa sayansi kwa kuwa kozi hiyo imepewa kipaumbele cha mkopo, au huandikwa sheria kwa kuwa baba amekwisha kumwita wakili mbele ya wageni. Hasomi lake, amekabidhiwa. Mtu anaweza kufanya kazi asiyoichagua kwa muda mrefu akihofia au akistahi, lakini hofu na staha ni kuni zinazoungua upesi, na kila asubuhi lazima zitafutwe nyingine.

Nitatoka kando kidogo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliwataka vijana wa Tanzania waliomaliza kidato cha sita wafanye kazi kwanza, kisha ndipo waombe nafasi chuoni wakiwa na ushuhuda wa mwenendo wao. Utaratibu ule ulikuwa na kasoro nyingi, uliwaumiza wasichana hata ikabidi waondolewe sharti hilo, na sisemi urudishwe. Ila ulileta chuoni watu waliokwisha kupima udongo, kufundisha darasani au kushika daftari za ghala, ambao walijua swali gani limewaleta, na mtu mwenye swali lake huchoka kwa namna nyingine. Tumeuacha ukaenda na ubaya wake wote, na wema wake mmoja hatukuutafutia mahali pengine pa kukaa.

Juu ya hayo yapo mashaka ya mwisho wa safari. Zamani shahada ilikuwa na kazi ikiisubiri. Leo mwanachuo huwaona waliomtangulia, wenye daraja la kwanza linaloanzia alama 4.4 kati ya 5, wakirudi mtaani kuendesha bodaboda au kuuza laini za simu, nao hawakufanya kosa lolote. Anapokinai masomo tusikimbilie kusema kwamba nafsi yake inaugua. Kwa sehemu nafsi yake imepiga hesabu, na hesabu imetoka sawasawa. Elimu ya nafsi hukosea inapokuita kila kukata tamaa kuwa ni upotofu wa fikira, kana kwamba dunia siku zote ni bora kuliko inavyoonwa na aliyechoka.

Linabaki swali la namna mwanachuo anavyojieleza sababu za kushindwa kwake. Bernard Weiner alifundisha kwamba sababu tunazozitaja hutofautiana: ziko za ndani yetu na za nje, za kudumu na za kupita, tunazoweza kuzigeuza na tusizoweza. Anayesema "sikujiandaa" amejilaumu, lakini ameacha mlango wazi, maana mara ya pili anaweza kujiandaa. Anayesema "mimi kichwa changu hakishiki hesabu" ameufunga. Majaribio ya Martin Seligman na Steven Maier ya mwaka 1967 yalionyesha kwamba hata mnyama aliyeumizwa mara nyingi pasipo njia ya kujiepusha huacha kujaribu siku njia inapofunguliwa, na mwanachuo aliyefeli somo moja mara mbili, akashindwa hata mtihani wa marudio ambao wenyewe huuita sapu, mara nyingine hufika katika hali hiyo.

Katika pwani yetu, na bara pia, ipo sababu nyingine ambayo Weiner hakuiorodhesha. Kijana aliyekuwa aking'ara akififia, nyumbani husema kuna kijicho, husuda, au mkono wa mtu. Wasomi huicheka rai hiyo. Mimi nisiyeiamini nimeona kwamba ina huruma ambayo maelezo ya kisasa hayana: humwondolea kijana lawama, humpa mahali pa kukalia akiwa amechoka bila ya kuitwa mvivu, na hukusanya watu wamsomee dua na kumpikia. Ubaya wake huja baadaye, kwa kuwa sababu iliyoko nje kabisa ya mtu, mikononi mwa adui asiyejulikana, haiachi kazi yoyote ya kufanya isipokuwa kuogopa. Na kijana akirejea chuoni na hirizi yake na kufeli tena, hofu huongezeka maradufu, na safari hii amebeba pia gharama za mganga.

Juu ya kuahirisha kazi mpaka usiku wa mwisho, simu zisizowekwa chini, na kupiga msuli kwa siku tatu bila kulala kabla ya mtihani, mengi yamesemwa na mimi sitaongeza ila hili: hayo aghalabu ni matokeo kabla hayajawa sababu. Mtu hukimbia kazi iliyomtisha, na kukimbia kwenyewe humtisha zaidi.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba yote yako nafsini, na ni lazima nijizuie. Evangelia Demerouti na wenziwe, walioandika mwaka 2001 juu ya wafanyakazi, waliuona uchovu huu kuwa ni zao la mizani: upande mmoja yale ambayo kazi inayadai, na upande wa pili yale ambayo kazi inampa mtu ya kuyakabili. Ukumbi uliojengewa watu mia mbili ukaingia mia tano, msimamizi mmoja wa tasnifu mwenye wanafunzi asioweza kuwakumbuka sura, matokeo yanayotoka baada ya muhula mwingine kuanza, hayo hayako nafsini mwa mtu, wala njaa haiko nafsini. Chuo kinachowaita wanafunzi wa namna hiyo katika semina ya siku moja wafundishwe ustahimilivu kimewaongezea kazi moja juu ya zile walizonazo. Hata hivyo mizani hiyo haielezi kwa nini, katika ukumbi huohuo uliofurika, mwenye ndugu wa kuwaambia "nimefeli" hubaki mzima, na asiye nao huvunjika. Tofauti hiyo nimeiona mara nyingi mno kuidharau, nayo hunirudisha kwa shangazi na mjomba. Jamaa zetu ndio uzito, na wao ndio himaya. Haja ile ya tatu ya Deci na Ryan, ya kuwa pamoja na watu, mwanachuo wetu anayo kwa wingi kuliko wa Utrecht. Kinachoamua upande gani utashinda ni jambo dogo la mazungumzo, yaani kama nyumbani kwao kuna neno la kumwambia mtu aliyeshindwa ambalo si lawama wala si kilio.

Vyuo karibu vyote vina kanuni inayomruhusu mwanafunzi kuahirisha masomo kwa sababu nzito, akarejea mwaka unaofuata bila kupoteza nafasi yake, na vina ofisi ya mshauri wa wanafunzi ambayo mlango wake hauna foleni. Aliyechoka kwa uchovu huu huipita ofisi hiyo akielekea kwingine. Kwanza fomu inamtaka ushahidi wa daktari, naye hana homa wala mfupa uliovunjika. Pili, na hili ndilo kubwa, kuahirisha ni uamuzi wake mwenyewe, ambao itambidi auseme nyumbani kwa ulimi wake na kuutolea sababu, ilhali kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, ni jambo linalotoka kwa wengine na linaloweza kutupiwa mtihani mgumu, mhadhiri mkali, au jirani mwenye kijicho. Basi wapo wanaokaa na ile fomu tupu ndani ya begi, wakaendelea kuhudhuria, wakaungoja ubao wa matokeo uwasemee.